Hivi ni kweli Betis waliwahi kuchukua La Liga au mzee ametupiga kamba?

KochaWaBenchi
Habari zenu wakuu. Jana kibanda umiza tulikuwa tunacheki Betis, sasa kuna mzee mmoja pale akasema eti hawa ni mabingwa wa zamani wa Hispania, tena walichukua huku Madrid anawapumulia kisogoni. Tukacheka sana, mimi nikajifanya mjuaji nikaweka dau la soda kwamba ni uongo. Nimefika home naanza kuingiwa na wasiwasi maana yule mzee hakubisha kabisa, alikaa kimya tu anatuangalia. Mwenye kujua anieleweshe, ilikuwa lini na ilikuwaje, au kama ni kamba nikadai soda yangu mapema.

Takwimu_Kwanza
Mkuu kanunue soda, tena iwe ya baridi.

Ni msimu wa 1934/35. Ligi ilikuwa na timu 12, mechi 22, na kushinda ulikuwa unapewa pointi 2 siyo 3 kama sasa. Betis alimaliza na pointi 34, Madrid 33. Pointi moja tu! Siku ya mwisho, 28 Aprili 1935, Betis alikuwa ugenini Santander kwa Racing, mechi ambayo ukiteleza umekwisha, na jamaa wakaenda wakapiga mtu 5-0 kwake. Raha ya hiyo stori ni kwamba kocha wa Betis, Patrick O'Connell, raia wa Ireland, alikuwa ameifundisha hiyohiyo Racing miaka kibao kabla hajashuka kusini. Kwa hiyo ubingwa kaenda kuuchukulia kwa waajiri wake wa zamani.

Halafu usishangae ukiona kwenye kumbukumbu wameandikwa Betis Balompié. Mfalme aliondoka 1931 ikaja jamhuri, neno "Real" (yaani "ya kifalme") likafutwa kwenye majina ya timu zote, ndiyo maana hata Madrid wakati ule ni Madrid FC tu.

Mweupe_Damu
Mimi ni Madrid damu na hiyo ligi nawaambia ilikuwa bahati. Angalieni wenyewe, Madrid alishinda mechi 16, Betis 15, sasa bingwa gani anashinda mechi chache kuliko wa pili? Na magoli sisi 61 wao 43. Mnataka msimu wa maana nendeni 1931/32, Madrid mechi 18 hajafungwa hata moja, golini yupo Zamora mwenyewe, ameruhusu 15 msimu mzima. Huo ndio ubingwa, siyo huu wa pointi moja.

Takwimu_Kwanza
@Mweupe_Damu mkuu hiyo ya 1932 hakuna anayebisha, lakini hapa umechagua namba unazozipenda. Madrid alishinda 16, sare 1, amepigwa 5. Betis kashinda 15, sare 4, kapigwa 3 tu, na amefungwa magoli 19 katika mechi 22. Ile timu ilikuwa ni ukuta, kipa Urquiaga, mbele yake mabeki Areso na Aedo, wote watatu Wabaski (watu wa kaskazini mwa Hispania), kupita hapo ulikuwa unaomba ruhusa. Unamuno aliyekuwa anasimama mbele naye Mbaski. Yaani timu ya mji wa Sevilla, kule kusini, lakini uti wa mgongo umetoka kaskazini kabisa.

Ila ngoja nikupe kitu cha kukufariji. Piga hesabu kwa pointi 3 za siku hizi: Betis 15 mara 3 ni 45, ongeza 4, ni 49. Madrid 16 mara 3 ni 48, ongeza 1, ni 49. Wanalingana! Hapo sasa ndio ungekuja na hayo magoli yako 61 tukaanza kubishana upya. Lakini kanuni ya siku hiyo ilikuwa inamlipa vizuri asiyefungika, na Betis alicheza kwa kanuni iliyokuwepo.

BintiWaJangwani
Nyie mmesahau mtamu zaidi, msimu uleule jirani zao Sevilla FC nao walichukua Kombe la Hispania, fainali wakamkalisha Sabadell 3-0 palepale Chamartín kwa Madrid. Mji mmoja ligi na kombe, na watani wa jadi kila mtu na lake! Hiyo ni mitaa ambayo mwaka mzima hakuna wa kumcheka mwenzake. Na mfungaji bora hakutoka hata huko, alikuwa Lángara wa Oviedo, magoli 26.

KochaWaBenchi
Duh. Sasa mbona baada ya hapo hatuwasikii? Timu bingwa inapotelea wapi?

Takwimu_Kwanza
Walivunjwa, mkuu. Kiangazi hichohicho O'Connell akaenda Barcelona, Areso naye Barcelona, mchezaji mwenzake Lecue akachukuliwa na Madrid (hapo @Mweupe_Damu unaona walivyojua wapi pana tatizo). Msimu uliofuata bingwa ni Athletic Bilbao na Betis wakamaliza wa saba. Halafu Julai 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Hispania, ligi ikasimama mpaka 1939. Areso na Aedo wakaishia kwenye timu ya Wabaski iliyozunguka Ulaya mpaka Amerika kucheza mechi huku kwao kunawaka moto. Betis waliporudi uwanjani walishuka daraja msimu wa kwanza tu, na 1947 wakadondoka mpaka daraja la tatu. La Liga hawajaigusa tena, ni hiyo moja.

Mweupe_Damu
Sawa nimekubali ukuta. Ila 61 ni 61.

KochaWaBenchi
Asanteni wakuu. Jumamosi naenda na soda ya mzee, ila hiyo hesabu ya 49 kwa 49 naenda nayo pia, labda atanirudishia nusu.