Fundi umeme kanisukia mota nzima kumbe kontakta (swichi ya sumaku inayoipa mota umeme) ndo mbovu!!

Wakuu mnisamehe uzi mrefu ila nina hasira mpaka mikono inatetemeka.

Nina mashine ya lethi (ya kukereza vyuma), mota yake ni fezi tatu, yaani inalishwa na laini tatu za umeme, kilowati 4. Siku moja nabonyeza kuwasha, inaunguruma tu mmmmm haizunguki, sekunde chache overlodi (kinga inayokata mota ikivuta umeme kupita kiasi) inakata. Nareseti, najaribu tena, inawaka freshi kabisa nakereza mpaka jioni, kesho yake asubuhi hola. Saa nyingine ukiisaidia kuzungusha chaki (kile kichwa kinachoshika chuma unachokereza) kwa mkono inaondoka (msifanye huu ujinga, nilifanya mimi inatosha, chaki haina huruma na mkono wa mtu).

Nikaita fundi umeme. Jamaa kaja, kafungua kiboksi cha waya cha mota, kanusa. Wallahi kanusa! Kasema "bosi mota imeungua hii, inasukwa". Nikamuuliza mota iliyoungua jana imefanyaje kazi kutwa nzima, akanijibu "inaunguaga kidogo kidogo". Na mimi mjinga nikakubali, ikabebwa kwenda kusukwa, yaani kutolewa waya zote za shaba na kuwekwa mpya.

Hakupima koili (waya za shaba zilizosukwa ndani ya mota) hata moja. Kazi yenyewe ni kuzima umeme, kufungua vile vibati vya kuunganishia na kupima koili tatu moja moja, namba zikilingana unaleta mega (mita ya kuangalia kama umeme unavuja) ya volti 500 unapima kati ya koili na bodi, ikikupa megaomu za kutosha hiyo mota iache hapo ilipo, tatizo liko kwingine. Dakika kumi. Yeye kachomoa shaba nzima.

Wiki mbili baadae mota imerudi, kaifunga, kawasha, inazunguka KINYUME. Kabadilisha fezi mbili na hajajaribu mzunguko kabla ya kufunga mkanda. Chaki yangu ni ile ya theredi, inafungwa kwa kuizungusha kama nati, kwa hiyo ikaanza kujifungua yenyewe kwenye spindo (ekseli inayoizungusha), nikaiwahi stopu. Jamaa anacheka eti "si nabadilisha waya mbili tu bosi". Ile chaki ingemshukia mguuni sijui kama angecheka.

Siku tatu tu, mmmmm imerudi ile ile. Nampigia, anasema kwa simu badilisha kapasita. KAPASITA!! Mota ya fezi tatu inayolishwa laini zote tatu, kapasita, kile kifaa cha kuziwasha mota za fezi moja, inatafuta nini humo? Nikamlazimisha aje, akaja akapima umeme unaoingia kwenye kontakta, volti 400, 400, 400, akasema umeme uko sawa, akachukua bisibisi akapandisha overlodi mpaka ampia 10 "isikusumbue". Kibati cha mota kinasema ampia 8.5! Yaani ile overlodi ndo kitu pekee kilichokuwa kinaiokoa mota na yeye kaiziba mdomo. Nikairudisha mwenyewe alivyoondoka.

Hapo nikaazima mita nikaamua liwalo na liwe. Upande wa kuingia kweli 400 zote. Nikaweka mita upande wa KUTOKA, nikamwambia kijana wangu abonyeze sekunde moja tu wakati mota inaunguruma. Fezi ya kwanza na ya pili 400. Ya tatu ukiipima na yoyote kati ya hizo mbili inasoma kama 200. Nikapima juu na chini ya ile ile nguzo ya tatu ya kontakta (njia ya fezi ya tatu), ambapo ikiwa imefunga inatakiwa isome karibu na sifuri, ikanipa volti 340 na kitu. Ndo hapo! Kontakta inalia tak lakini nguzo ya tatu haigusi, mota inakula fezi mbili.

Na ndo maana testa (ile bisibisi yenye taa) inadanganya watu hapa. Ukiigusisha kwenye ile fezi iliyokatika inawaka kwa sababu umeme unarudi kupitia koili za mota yenyewe, fundi anaona taa anasema fezi zote zipo. Na ukipima juu tu kama alivyofanya yeye hutakaa uione milele.

Nikazima swichi kuu nikafungua kontakta. Kontakti ya tatu imeliwa imebaki shimo jeusi, na pembeni yake chenga za chuma zimechanganyika na mafuta na maji ya kupozea, maana raba ya mlango wa kiboksi cha kontakta ilishakufa zamani (hilo kosa langu nakubali). Siku nyingine zinagusa siku nyingine hazigusi, ndo ule ugonjwa wa leo inawaka kesho haiwaki.

Kontakta mpya na raba mpya, chini ya saa moja. Nikazungushia klampu mita (inayopima ampia bila kukata waya) waya moja moja, fezi zote tatu ampia zinalingana, mzigo ukiwepo na usipokuwepo. Haijaunguruma tena.

Zile waya za zamani za mota nilimwambia fundi aniletee akaniletea kwenye mfuko. Vanishi inang'aa, hakuna hata koili moja iliyogeuka nyeusi. Mota ilikuwa nzima!!

Jana usiku kanitumia meseji anadai salio lake la kusuka. Nikamtumia picha ya kontakti. Tiki mbili za bluu, kimya mpaka sasa.