VCO ya msumeno: oktava za juu zinashuka, na nikigawa CV kwa VCO mbili zote zinapotea

msumeno_55Hz

Wakuu, naombeni macho yenu hapa. Ni VCO (kitoa sauti kinachoongozwa na volti) ya kujiundia ya Eurorack (sinthesaiza ya moduli), kiini cha msumeno (wimbi linalopanda taratibu na kushuka ghafla), 1 V kwa oktava. Muundo wake:

- opampu TL072 ya kujumlisha CV (volti inayoamua sauti), rezista za kuingilia 100k, metal film 1%
- kigawa volti kabla ya ekspo (jozi ya transista inayogeuza volti kuwa mkondo unaozidi maradufu kila oktava): 105k + trimpoti 10k, halafu 2k kwenda graundi. Hiyo 2k ni ya kawaida, siyo ya kufuata joto
- 2N3904 mbili, bapa kwa bapa, zimefungwa pamoja
- kapasita 1 nF ya seramiki, imeandikwa "102" tu
- kompareta LM311, FET J112 ya kumwaga chaji, msumeno wa 5 V
- poti ya kutyuni iko kati ya +12 na −12, inaingia kwenye opampu kupitia 330k
- umeme unaingia kwenye bodi kupitia 10 Ω kila upande, na 10 µF
- nimeongeza LFO ndogo (kitoa wimbi la polepole) kwenye bodi hiyo hiyo, ina taa ya LED

Vipimo baada ya nusu saa ya kupata moto, nikiwa nimepatanisha skeli (volti kwa oktava) chini; kosa ni kwa senti (senti 100 ni nusu-toni):

55 Hz: 0
110: 0
220: −1
440: −2
880: −3
1760: −6
3520: −12

Pia: (a) feni ikiwashwa au mfuniko wa kesi ukifunguliwa sauti zinahama, na si kwa kiasi kimoja. (b) CV ya sikwensa (kifaa kinachotuma noti kwa mfuatano) nikiigawa kwa malti ya kawaida (matundu yaliyounganishwa tu) kwenda VCO mbili, kila oktava inapungua kama senti 12. (c) sauti inatikisika kwa mdundo wa taa ya LFO.

Nimeshazungusha trimpoti ya skeli mpaka nimechoka. Nikipata juu, napoteza chini.

---

RisasiNyembamba

Mkuu, weka bisibisi chini kwanza. Una hitilafu nne, na trimpoti ya skeli haitibu hata moja kati ya hizo. Mimi nashika hiyo ya oktava za juu.

Angalia namba zako: 3, 6, 12. Kila ukipanda oktava kosa linazidi maradufu. Kosa la skeli haliendi hivyo, lenyewe huongezeka kwa kiasi kilekile kila oktava: 3, 6, 9, 12. Linalojizidisha mara mbili ni muda usiobadilika unaoongezwa kwenye kila mzunguko, yaani muda wa riseti. Kapasita ikiwa inamwaga chaji, msumeno haupandi. Kwenye 55 Hz hapo hupotezi kitu, kwenye 3520 Hz unapoteza.

Hesabu yake ni fupi. Senti 12 ni takriban 0.7%. Mzunguko mmoja wa 3520 Hz ni µs 284. Asilimia 0.7 ya hiyo ni µs 2. Rudia kwa 1760: senti 6 ni 0.35% ya µs 568, unapata µs 2 tena. Kwa hiyo riseti yako inakula mikrosekunde mbili, na osiloskopu itakuonyesha hivyo hivyo.

J112 si mkosaji. Ukinzani wake ikiwa inapitisha mkondo haufiki 50 Ω, na ukiwa na 1 nF chaji yote inatoka ndani ya robo ya mikrosekunde. Muda unaobaki unatoka kwenye LM311 na namna geti la FET linavyosukumwa. Unaweza kuufupisha, ila usiupunguze mpaka kapasita ishindwe kumwaga chaji yote, maana hapo kimo cha msumeno kinabadilika na sauti nayo.

Dawa rahisi ni fidia ya Franco: rezista moja. Iweke kati ya kolekta ya ekspo na kapasita, na bafa (opampu inayonakili volti bila kuilemea) inayolisha kompareta isome upande wa kolekta. Mkondo ukipita humo unaongeza volti kidogo, kompareta inafyatuka mapema kwa muda wa R × C, na muda huo haujali uko masafa gani. Unataka R × C iwe sawa na muda wa riseti: µs 2 ÷ 1 nF = 2k. Weka 1k5 na trimpoti ya 1k mfululizo, utyuni kwa sikio au kwa mita.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kuiweka rezista hiyo ndani ya njia ya kumwagia chaji. J112 lazima ibaki imeshika kapasita moja kwa moja. Ikilazimika kumwaga kupitia 2k, riseti inarefuka na unarudi ulikotoka, tena vibaya zaidi.

Wengine watakwambia ni ukinzani wa ndani wa emita. Kweli nao unashusha oktava za juu, lakini kwa 1 nF na 5 V mkondo wako kwenye 3520 Hz ni µA 17.6 tu. Hata ukiupa ohmu moja nzima, ni senti moja na kidogo. Ungekuwa na 10 nF, hapo ningesikiliza hoja hiyo.

---

bafa_kwanza

(b) haiko ndani ya VCO kabisa. Sikwensa yako bila shaka ina rezista ya 1k kwenye tundu la kutokea. VCO moja ya 100k ikichomekwa, kinachofika ni 100/101 ya CV. Umepatanisha skeli ukiwa hivyo, kwa hiyo upungufu huo umeshafidiwa bila wewe kujua. Ukichomeka ya pili, mzigo unakuwa 50k, kinachofika ni 50/51. Tofauti kati ya hizo mbili ni 0.98%, na 0.98% ya oktava ni senti 11.8. Hizo ndizo 12 zako.

Tumia malti yenye bafa. Bafa nayo iwe imefungwa vizuri: rezista ya 1k ya kutokea iwe ndani ya mzunguko wa mrejesho wa opampu, waya wa mrejesho uchukuliwe upande wa tundu, na kapasita ya pF 47 hivi itoke kwenye mguu wa kutokea wa opampu hadi ingizo lake la kupindua ili isianze kupiga mluzi yenyewe kebo ikiwa ndefu. Bafa isiyopindua inahitaji pia rezista, mfano 10k, kwenye waya huo wa mrejesho. Bafa yenye 1k nje ya mrejesho inahamisha tatizo tu kutoka tundu moja hadi jingine.

Na ukishabadilisha njia ya CV, skeli ipatanishwe upya. Ile ya mwanzo ilikuwa ya mzigo mwingine.

---

chip3340

Kwa nini mnateseka na 2N3904? CEM3340 ya Doug Curtis, chipu yenye VCO nzima, ndiyo iliyokuwa ndani ya sinthesaiza za Prophet-5 Rev 3 na Roland SH-101, na leo kuna AS3340 inayokaa miguu kwa miguu. Fidia ya joto imo ndani, na ina mguu wake maalumu wa kurekebisha oktava za juu. Transista za kubandika kwa gundi ni za wapenda maumivu.

---

RisasiNyembamba

@chip3340 sikatai, kwa anayeanza bodi mpya ningemshauri hivyo hivyo. Ila 3340 nayo ukiipa kapasita yake ya "102" isiyojulikana na poti yake inayosoma ±12 V yenye taa, itahama na kutikisika vilevile. Tofauti ni kwamba atakuwa ametumia pesa zaidi kufika palepale.

---

Ohmu_Kumi

Nachukua (c), maana ni 10 Ω zako zenyewe.

LED ya mA 10 ikiwaka kupitia 10 Ω, reli ya +12 ndani ya bodi inashuka mV 100. Poti yako ya kutyuni inasoma reli hiyo hiyo. Ikiwa katikati, nusu ya mshuko inapita: mV 50 kupitia 330k dhidi ya 100k ni mV 15 za CV. Kumbuka mV 1 ni senti 1.2. Kwa hiyo sauti inacheza senti 18 kila taa ikiwaka, na poti ikiwa juu kabisa inafika 36. Hiyo si kelele, ni vibrato uliyoijenga mwenyewe.

Fanya mambo mawili. Kwanza, taa ichukue umeme kabla ya 10 Ω, na uipunguzie mkondo hadi mA 2. LED za sasa zinang'aa vya kutosha kwa hizo.

Pili, poti isisome reli. Weka LM4040 (rejea ya volti isiyoyumba) ya 10 V upande wa + na nyingine upande wa −, kila moja kupitia 1k, poti ikae kati ya hizo. mA 2 zinazopita kwenye 1k zinatosha kulisha poti ya 100k na bado rejea inabaki imara.

Kuna la tatu ambalo kwenye picha ya saketi halionekani. Ule mguu wa 2k unaokwenda graundi uko mahali ambapo oktava nzima ni mV 18 tu. Kipande cha graundi chenye ukinzani wa milliohmu 10, kikipitisha mA 10 za LED, kinatengeneza mV 0.1. Hiyo mV 0.1 dhidi ya 18 ni karibu senti 7. Yaani hata ukimaliza yote hapo juu, ukaacha taa na ekspo zikitumia njia moja ya graundi, bado utasikia. Kata njia kwa kisu, vuta waya wa pekee kutoka 2k na bezi ya transista ya pili hadi kwenye soketi ya umeme.

---

msumeno_55Hz

Hesabu ya (b) imenimaliza, sikwensa kweli ina 1k. Nitafanya ya graundi na LED pia.

Imebaki (a). Rezista ya 2k ya kufuata joto, +3300 ppm (sehemu kwa milioni kwa kila nyuzi), sina. Nina PT1000 (kihisi joto cha platinamu). Inafaa? Na hiyo kapasita niitupe? Na nianze na lipi?

---

RisasiNyembamba

PT1000 inafaa, ila usiipachike kavukavu. Kwenye 25 °C inasoma karibu 1097 Ω na inapanda kama 3.88 Ω kwa nyuzi, ambayo ni zaidi ya 3500 ppm, unafidia kupita kiasi. Iongezee 56 Ω ya metal film mfululizo, jumla inakuwa 1153 Ω na mpando unashuka hadi 3360 ppm hivi, ndio unaotakiwa. Kwa kuwa sasa siyo 2k tena, kigawa volti kinabadilika: mV 18 kwa oktava inahitaji takriban 63k juu yake. Toa ile 105k, weka 59k na trimpoti yako ileile ya 10k.

PT1000 iguse miili ya transista zote mbili, weka pasta ya joto, funika kwa mpira wa kusinyaa. Bila fidia, sauti iliyo oktava 5 kutoka katikati inahama senti 20 kwa kila nyuzi moja, na ya katikati haihami, ndiyo maana ukaona "si kwa kiasi kimoja". Feni ni jambo jingine: inapoza transista moja kuliko mwenzake. Volti ya bezi-emita (Vbe) inahama mV 2 kwa nyuzi, kwa hiyo tofauti ya nyuzi moja tu kati yao ni nusu-toni na theluthi, na hapo PT1000 haikuokoi. Mfuniko wa mpira ndio kinga. Usipime chochote baada ya kuzishika kwa vidole, subiri dakika kadhaa.

Kapasita tupa. "102" ya seramiki isiyojulikana mara nyingi ni ya aina ya X7R, thamani yake inahama kwa joto na kwa volti, na 1% ya kapasita ni senti 17. Weka C0G (seramiki isiyoyumba kwa joto), 30 ppm. Polistireni nayo nzuri lakini inayeyuka ukikawia na pasi ya kulehemu.

Mpangilio: LED na graundi, halafu kapasita na PT1000, kisha acha nusu saa mfuniko ukiwa umefungwa. Rezista ya Franco ziba kwa waya kwa sasa. Toa 1 V na 3 V ulizozihakiki kwa multimita, patanisha skeli kati ya 110 na 440 Hz. Ukigusa trimpoti sauti ya chini nayo inahama, kwa hiyo irudishe 110 kwa poti ya kutyuni ndipo usome tena ya juu. Raundi nne au tano zinatosha. Hapo ondoa ule waya, nenda 3520 Hz, geuza trimpoti ya 1k mpaka isome sifuri. Rudi 440. Ikiwa imesogea zaidi ya senti mbili, rudia skeli mara moja tu.