Rifaina na hidrapalpa zatumaliza kwa bili ya stima, tubadilishe mashine ama?

karatasi_jomvu
Salaam nduzangu. Niko kwenye kiwanda kidogo huku Jomvu, Mombasa, twachukua karatasi za ofisi na madaftari ya zamani twatengeneza jumbo (roli kubwa) za tishu. Hidrapalpa yetu (tangi la kufumua karatasi kwa maji iwe rojo) ni ya mita kyubiki 10, mota kilowati 45, kila mzigo twatia karatasi kilo 400 twaipiga dakika 35, kutoka hapo rojo lapita skrini, laingia rifaina (yasaga nyuzi kati ya sahani zenye meno) yenye mota ya kilowati 75, halafu chesti (tangi la kuweka rojo), halafu mashine yenyewe na drami ya mvuke ya kukausha. Bili ya mwezi uliopita imemtia tajiri wasiwasi, asema ama tununue hidrapalpa mpya ama tupunguze shifti ya usiku, na shifti ikipunguzwa kuna vijana 6 wa hapa hapa mtaani watarudi nyumbani. Kwa hivyo kabla hajaamua nataka kujua, hizi mashine za kusaga rojo kweli ndizo zala stima yote hivi ama kuna pahala twakosea sisi?

fundi_mota_changamwe
Usinunue kitu bado kaka. Hizo dakika 35 nani alizipima? Ama ndivyo mlivyokuta watu wakifanya? Karatasi za ofisi zafumuka mapema, zikishafumuka rota (panga linalozunguka ndani ya tangi) yabaki kuzungusha maji na kuyapasha moto, stima yote yaishia kwenye joto. Kuanzia dakika ya 12 chota rojo kidogo kila baada ya dakika 3, litie kwenye gilasi ya maji safi, tikisa, inua juu uangalie dhidi ya mwanga, ukiona vipande vimekwisha zimebaki nyuzi tupu, toa mzigo. Zile karatasi zilizotiwa dawa ya kuhimili maji wekeni kando mzipige siku yake, manake hizo ndizo zafanya mtu aongeze dakika kwa mzigo mzima kwa sababu ya vipande vichache.

La pili, kilo 400 kwenye mita 10 ni asilimia 4, ni maji mengi mno hayo. Tangi la kawaida laweza kubeba 5 na nusu bila shida bora rota isiwe imelika, na angalia hilo sana kama mwatumia maji ya kisima, mwajua chumvi ya huku kwetu ilivyo. Hesabu yenyewe: kilowati 45 kwa dakika 35 ni kama yuniti 26, gawanya kwa kilo 400, wapata yuniti 66 kwa tani. Ukitia kilo 550 ukapiga dakika 22 ni yuniti 16 na nusu kwa mzigo, sawa na 30 kwa tani. Mota itavuta zaidi kidogo rojo likiwa zito lakini hata hivyo hujakosa kupunguza karibu nusu, na hukununua hata bolti. Na maji yachujwayo chini ya waya (wavu wa mashine unaochuja rojo liwe karatasi) yarudisheni kwenye hidrapalpa, yakiwa na uvuguvugu karatasi yalainika upesi.

mama_mvuke
Fundi kasema kweli upande wa hidrapalpa ila mie naona mgonjwa wenu hasa ni rifaina. Hizo nyuzi zilishasagwa kule zilikotengenezwa mara ya kwanza. Zikikauka zakakamaa kidogo, ndio maana kuzisaga kidogo kwasaidia karatasi ishikane, lakini mkizisaga kama mti mpya zakatika zatoa ungaunga, rojo lashika maji halitaki kuchuja, karatasi yafika kwenye drami imelowa chepe, na hapo mwalipa mara ya pili kwenye boila. Watu wengi huangalia mita ya stima tu hawaangalii rundo la kuni. Karatasi ikitoka kwenye presi (roli za kukamua maji) ikiwa na ukavu wa asilimia 40, kila kilo ya nyuzi yabeba kilo 1.5 ya maji. Ikitoka na 41 yabeba kama 1.44. Pointi moja tu, na mvuke wapungua kama asilimia 4! Mie nilikaa miaka kwenye boila ya kiwanda kimoja bara, twaongeza kuni kila siku twalaumu kuni mbichi, kumbe tatizo lilikuwa kwa wenzetu wa rifaina wanaikaza kupita kiasi. Iliniuma sana manake kijana wetu mmoja alisimamishwa kazi kwa ajili ya zile kuni.

karatasi_jomvu
Mama shukran, hilo la boila hatukulifikiria kabisa. Leo nimepima rifaina kwa klampu (mita ya kubana waya wa stima), sahani zikiwa zimeachana yavuta ampia nyingi karibu sawa na ikiwa kazini, sasa yaani yala stima ile ile hata isiposaga?

fundi_mota_changamwe
Ampia peke yake zitakudanganya, mota isiyo na mzigo huvuta ampia ambazo si kazi. Azima mita inayosoma kilowati na pawa fakta (ni kiasi gani cha nguvu inayovutwa chafanya kazi kweli). Lakini wazo lako liko sawa, rifaina yala stima nyingi kwa kuzungusha sahani ndani ya rojo tu kabla haijagusa unyuzi hata mmoja, na kadiri spidi na upana wa sahani unavyoongezeka ndivyo huo mzigo wa bure unavyopanda kwa kasi. Kwa hivyo rifaina kubwa inayopitisha rojo kidogo ni hasara masaa 24.

yuniti_kwa_yuniti
Na pawa fakta msiipite haraka jamani. Kwenye tarifa za viwanda mwatozwa pia kVA (nguvu yote mnayovuta, pamoja na isiyofanya kazi), si yuniti peke yake. Kilowati 200 kwenye pawa fakta 0.75 ni kVA 267, kwenye 0.95 ni kVA 211, na ukiwa chini ya 0.9 kuna faini juu yake. Kapasita benki (kabati la kapasita za kupandisha pawa fakta) ni kitu cha kwanza kununua, si hidrapalpa. Tena hiyo shifti ya usiku mwataka kuikata ya nini? Tangu Desemba 2017 kuna tarifa ya saa za usiku kwa viwanda, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi yuniti huwa bei nafuu kwa wanaotimiza masharti, kaulizeni kama mko ndani. Kusaga rojo kwaweza kufanywa usiku likangoja kwenye chesti. Halafu mkitumia yuniti 180,000 kwa mwaka, yaani 15,000 kwa mwezi, kanuni za 2012 zilitaka ukaguzi wa nishati kila miaka 3, ulizeni za sasa zasemaje, huenda hata si hiari yenu.

karatasi_jomvu
Narudi na majibu. Vipande viliisha dakika ya 19, tumerudia mara tatu ni hivyo hivyo. Rifaina tumepima kwa mita ya kuazima: sahani zikiwa zimeachana kilowati 31, tukikaza kazi ya kawaida 52. Yaani ni 21 tu ndizo zasaga! Pawa fakta ya kiwanda kizima ni 0.78. Nimemuonyesha tajiri kwa karatasi, shifti ya usiku haikatwi mwezi huu. Sasa naona kuna pampu ya chesti, vavu yake imefungwa nusu tangu nilipoajiriwa, hiyo nayo ni kosa?

fundi_mota_changamwe
Ni kosa ndio, mwasukuma huku mwaziba. Ukiweka VFD (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota) ukaishusha kutoka hezi 50 mpaka 40, nguvu yashuka mpaka karibu nusu, ila kama rojo lapanda juu sana haitakuwa hivyo, na ukishusha mno halitafika kabisa. Nipe kimo cha bomba kutoka kwenye pampu na kibao cha mota nikupigie hesabu.

mama_mvuke
Na mkifungua rifaina angalieni meno ya sahani kabla ya kuikaza tena, yakiwa butu yataka nguvu nyingi na nyuzi yazikata badala ya kuzichambua.

karatasi_jomvu
Twaifungua Jumamosi inshallah. Kimo cha bomba ni mita 6, kibao nakipiga picha kesho.