Je, kazi ya ofisi ya hesabu na kodi inaweza kufanyikia nyumbani? Naomba maoni, hasa ya walioko Arusha na Moshi

Afisa Utawala, Njiro

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninasimamia utawala na masuala ya wafanyakazi katika ofisi ya ushauri wa hesabu na kodi iliyopo mjini Arusha, si mbali na Mnara wa Saa. Mkataba wetu wa pango unakaribia kwisha, mwenye jengo amekwisha kutuarifu kwamba pango litapanda, na mkurugenzi amependekeza turudishe ghorofa moja kati ya mbili tunazozitumia, ili wafanyakazi wawe ofisini siku mbili kwa wiki na siku tatu zilizobaki wafanyie kazi nyumbani. Hoja yake ni kwamba ritani, yaani taarifa za kodi, zinatumwa kwa mtandao, malipo yanafanyika kwa simu au benki, wateja wanatuma nyaraka kwa WhatsApp, kwa hiyo haoni sababu ya mtu wa Usa River kuunganisha daladala kila alfajiri ili aje kufungua kompyuta ambayo angeweza kuifungua sebuleni kwake.

Nilipowauliza wafanyakazi, nilitarajia vijana walipokee wazo hili kwa mikono miwili na wakubwa walikatae. Imekuwa kinyume. Wahasibu waandamizi, ambao wengi wao wamekwisha kujenga, wanataka tuanze hata kesho. Wasaidizi wao, waliomaliza chuo juzijuzi, wanaguna. Mkurugenzi anasubiri maoni yangu ya maandishi kabla hajamjibu mwenye jengo. Naomba wenye uzoefu wa kazi za ofisi za kawaida, si za kutengeneza programu za kompyuta wala za kuajiriwa na kampuni za ng'ambo, waniambie ni kipi hasa katika kazi hizi kinachokubali kuhama na kipi kinachogoma.

Mhasibu wa Moshi

Ndugu Afisa Utawala, salaam kutoka Moshi. Ninaandaa hesabu za wafanyabiashara wa hapa mjini na wa Himo, na ushauri wangu ni kwamba usiulize kama kazi ya mhasibu inahamishika. Uliza kwanza leo ni tarehe ngapi. Mwezi ukishakwisha, PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, inatakiwa iwe imewasilishwa na kulipwa ndani ya siku saba. Baada ya hapo ofisi nzima inaitazama tarehe 20, ambayo ndiyo mwisho wa ritani ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kukokotoa mishahara, kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, na kujaza ritani yenyewe ni kazi zinazotaka utulivu, na sina ubishi kwamba mtu mwenye meza nzuri nyumbani atazifanya vizuri kuliko ofisini, ambako kila baada ya dakika kumi kuna mtu anagonga mlango kuuliza kama fundi wa printa amekwisha kufika.

Tatizo liko kwenye siku zinazotangulia. Wateja wengi wa ofisi kama zetu ni wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye malori na wenye nyumba za wageni, na wao huleta risiti za mwezi mzima kwenye mfuko wa plastiki, zikiwa zimekunjwa pamoja na hati za kupokelea mizigo na vipande vya karatasi vilivyoandikwa namba za simu. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, huchapwa kwa joto kwenye karatasi laini. Ikiachwa wiki chache kwenye dashibodi ya lori, maandishi yanafifia mpaka inabaki karatasi nyeupe, na hapo huna tena uthibitisho wa kodi ambayo mteja aliilipa aliponunua. Kwa hiyo mfuko ukifika, lazima mtu aufungue siku hiyohiyo, azinyooshe risiti moja moja, atoe nakala, na amwulize mteja akiwa bado amesimama kaunta: haya mafuta ni ya gari la biashara au la nyumbani? Ukilipeleka swali hilo kwa simu jioni, utajibiwa kwamba yote ni ya biashara.

Halafu kuna muhuri. Benki na ofisi nyingi bado zinataka barua yenye sahihi na muhuri, na sijui ofisi itakayokubali kuchonga mihuri mingi ili kila mhasibu alale na wake. Mimi ningepanga siku za ofisini kwa tarehe za mwezi badala ya siku za wiki: watu wote wawepo mifuko inapoingia, kisha wenye uwezo wabaki nyumbani wakati wa kuandaa na kuwasilisha.

Bukingi, Sakina

Mimi niko kwenye utalii, lakini kazi yangu ni ya mezani kama ya kwenu: kupanga safari, kushika nafasi za kambi na hoteli, na kutuma bei. Sisi watu wa bukingi tulipelekwa nyumbani mwaka 2020, wakati wa korona, bila kuulizwa. Ndege za kimataifa zilisimamishwa mwezi Aprili, anga ikafunguliwa tena Mei, ila wageni wenyewe hawakuja; nchi nzima ilipokea watalii wapatao 621,000 mwaka ule, wakati mwaka 2019 walizidi milioni 1.5. Kazi iliyobaki ilikuwa ni kuahirisha safari na kuwabembeleza wateja wasidai kurudishiwa fedha walizotanguliza, nayo ilifanyika nyumbani bila taabu. Wageni walipoanza kurudi, mwajiri wangu wa wakati ule aliona kwamba pango ni gharama anayoweza kuendelea kuiepuka.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukijue. Wateja wetu wengi ni Wamarekani. Katika miezi yao ya joto, New York ikifika saa tatu asubuhi, Arusha ni saa kumi jioni. California ikifika saa tatu asubuhi, huku ni saa moja usiku. Tulipokuwa ofisini, mlinzi alikuwa anafunga geti saa kumi na moja na nusu, barua pepe zinasubiri kesho, na safari ziliuzwa vilevile. Nyumbani hakuna anayefunga geti. Meneja anajua kompyuta unayo, naye anatuma ujumbe saa tatu usiku kwamba samahani, mgeni anasubiri bei, nawe unawaacha watoto mezani unakwenda kupiga hesabu ya viingilio vya Serengeti na Ngorongoro. Kuanzia Juni hadi Oktoba, msimu ukiwa umechanganya, hali hiyo inakuwa ya kila siku, na malipo ya saa za ziada hayaonekani kwa sababu saa zenyewe hakuna anayeziona. Baadaye niliomba kurudi ofisini, na wenzangu walidhani ni upweke. Nilitaka mahali pa kutoka jioni.

Msaidizi wa Hesabu, Kijenge

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mmoja wa hao wanaoguna, ingawa si wa ofisi yako. Nimepanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji kadhaa na mita moja ya LUKU. Fedha za umeme tunachangishana kwa kuangalia vifaa: mwenye friji anatoa zaidi, mwenye taa na redio anatoa kidogo. Siku nitakapoanza kushinda na kompyuta mchana kutwa, mchango wangu utapandishwa, na mwajiri hatakuwepo kwenye kikao hicho. Kuhusu umeme wenyewe, mgao ule wa mwishoni mwa 2023 ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari 2024, lakini kukatika hakujaisha, hasa huku kaskazini ambako umeme unafika ukiwa umesafiri mbali na kupotea njiani. Machi 2025 Serikali yenyewe ilieleza kwamba inakusudia kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa yetu kwa sababu hiyo. Ofisini kwetu kuna jenereta.

Hata hivyo, hayo yanaweza kumalizwa kwa posho. Ninachohofia zaidi ni kujifunza. Chuoni tulifundishwa viwango vya uandaaji wa hesabu. Hatukufundishwa namna ya kumjibu afisa wa kodi anayetaka kujua kwa nini mauzo ya mteja yameshuka katika mwezi uleule ambao manunuzi yamepanda. Hilo nimelipata kwa kukaa karibu na mhasibu wetu mkuu na kumsikia akizungumza kwa simu: anataja hati ipi kwanza, ananyamaza wapi, anakubali kosa gani dogo mapema ili asibanwe kwa kubwa. Hakuniita anifundishe, na sidhani kama anajua kwamba nilikuwa nasikiliza. Yeye akihamishia kazi kwake Tengeru ataifanya vizuri kuliko sasa, ila mimi nitabaki kuwa mtu wa kuingiza tarakimu.

Msomaji, Sekei

Kijana wa Kijenge ameligusa jambo ambalo watetezi wa kazi za nyumbani huliruka. Utafiti wanaoutaja sana ni wa Nicholas Bloom na wenzake katika kampuni ya usafiri ya Ctrip mjini Shanghai, uliochapishwa mwaka 2015. Wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa waliwazidi wenzao wa ofisini kiutendaji kwa asilimia 13, na nukuu nyingi huishia hapo. Kumbe waliokubaliwa kushiriki walipaswa wawe wamekaa kazini angalau miezi sita, wawe na intaneti ya uhakika nyumbani, na wawe na chumba ambacho hakuna mtu mwingine anayeingia wakati wa zamu. Kwa masharti hayo, huyu ndugu yetu asingevuka mlango. Aidha, jaribio lilipokwisha na watu wakaachiwa wachague upya, zaidi ya nusu walibadili uamuzi wao wa mwanzo, na ongezeko hilo la utendaji likapanda hadi asilimia 22 kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwenda panapomfaa.

Timu inayomhusisha Bloom huyohuyo ilichapisha utafiti mwingine mwaka 2024, wa wafanyakazi 1,612 wa kampuni hiyohiyo, wakiwemo wa idara ya fedha. Hao walikaa nyumbani siku mbili tu kwa wiki. Utendaji wao haukushuka, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Mkurugenzi wako anataka nyumbani siku tatu na ofisini mbili, hivyo asiutegemee utafiti huo kana kwamba ulipima pendekezo lake.

Wakili, Kisongo

Nitajibu upande wa sheria kwa kifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi maelezo ya ajira yake, na mahali pa kazi ni miongoni mwa maelezo hayo. Yakibadilika, mwajiri anapaswa kushauriana naye na kuyarekebisha kwa maandishi. Tangazo la kubandika ukutani halitoshi. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sheria haimwondolei mtu haki hizo kwa kuwa ameketi sebuleni, isipokuwa kama anasimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na anawajibika moja kwa moja kwa menejimenti ya juu, ambaye masharti ya saa hayamhusu. Dada wa bukingi alikuwa na madai halali. Alichokosa ni kumbukumbu, kwa hiyo wekeni rejesta ya saa, hata ikiwa ni ya ujumbe wa kuanza na kumaliza kazi.

Fidia kwa anayeumia ni eneo lenye utata zaidi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda aliyeumia akiwa katika utekelezaji wa kazi, na mtu akiteleza nyumbani kwake saa nne asubuhi, mabishano yataanzia hapo. Andikeni saa za kazi na sehemu ya nyumba inayohesabika kuwa ya kazi. Lingine ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha ya mishahara ya mteja ni taarifa binafsi za watu wake, na ikifunguliwa kwenye kompyuta ambayo jioni mtoto anaitumia kuangalia katuni, ofisi yako ndiyo itakayoulizwa.

Afisa Utawala, Njiro

Nawashukuru sana, na mdogo wangu wa Kijenge nakushukuru zaidi kwa sababu umeyasema ambayo vijana wangu hawakuthubutu kuyasema kikaoni. Rasimu yangu sasa inasomeka hivi: kazi ya nyumbani iwe hiari, na isizidi siku mbili kwa wiki, wakati wa kupokea risiti za wateja kila mtu awepo, mwandamizi anayebaki nyumbani asiwe na siku zilezile na mwandamizi mwenzake, ili wasaidizi wasikose mtu wa kumsikiliza, kompyuta ziwe za ofisi, na posho ya umeme na data iingizwe kwenye mkataba. Baada ya saa kumi na moja jioni meneja asitume kazi, na akituma, iandikwe kuwa saa ya ziada. Kuanzia Machi hadi Juni, tunapofunga hesabu za mwaka za kampuni zinazoishia Desemba, utaratibu huu usimame.

Kwa mpango huu sioni kama tunaweza kuishi kwenye ghorofa moja, kwa kuwa ile wiki ya risiti wote tutakuwa ndani kwa pamoja. Ninafikiria kumwomba mwenye jengo atuachie nusu ya ghorofa ya juu. Mkurugenzi hatafurahi, kwa sababu alichokuwa anatafuta tangu mwanzo ni punguzo la pango.

Mhasibu wa Moshi

Kabla hujaandika hiyo nusu, pima makabati. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, na majalada ya wateja hayawezi kupelekwa nyumbani kwa mtu yeyote. Kwetu majalada ndiyo yanayochukua chumba kikubwa kuliko vyote, na fundi alituambia tusiyapange upande mmoja wa sakafu kwa sababu ya uzito. Muulize mwenye jengo kama kuna stoo ya chini isiyoingia maji wakati wa masika. Ikipatikana, pengine ghorofa ya juu mtaweza kuirudisha yote.