Naomba ushauri: kuzunguka Iceland kwa gari mwanzoni mwa Septemba, watu watatu na hema

BintiMeru

Wakuu, habari zenu. Naishi Hamburg na mume wangu. Mwakani mdogo wangu wa kiume anakuja kututembelea kutoka Arusha, na tumekubaliana twende wote Iceland. Mdogo wangu ni dereva wa watalii, Landcruiser ndiyo ofisi yake, na matope ya Ndutu ameyazoea. Hataki safari ya kukaa hotelini na kupigwa picha. Anataka barabara, milima na kulala nje.

Mpango wetu ni siku saba: tunatua Keflavík, tunachukua gari la kukodi, tunazunguka kisiwa chote kwa Barabara Namba 1, na katikati tunachepuka kwenda Landmannalaugar na Askja, kule nyika ya milimani ndani ya kisiwa. Kulala ni kwenye hema. Nimeona gari dogo ni nusu ya bei ya 4x4, kwa hiyo mume wangu anavutia upande wa gari dogo. Mdogo wangu anasema bila 4x4 bora tubaki Hamburg.

Naomba mliofika huko au mnaoishi huko mniambie: siku saba zinatosha? Gari gani? Na hema Septemba linawezekana kweli?

Mzenji_wa_Kaskazini

Karibu sana dada. Mimi naishi huku Reykjavík na kazi yangu inanizungusha mikoani, kwa hiyo barabara hizi nazijua majira yote.

Nianze na siku. Barabara Namba 1 ina takriban kilomita 1,300. Ukigawa kwa saba unaona kama kilomita 190 kwa siku, unasema mbona rahisi. Tatizo ni kwamba huku hutaendesha tu. Kila baada ya nusu saa kuna kitu cha kusimama: Seljalandsfoss, maporomoko ambayo unapita nyuma ya maji, Skógafoss, yenye urefu wa mita 60, kisha mchanga mweusi wa Vík, kisha Jökulsárlón, ziwa ambalo mapande ya Vatnajökull, ile barafu kubwa ya milimani, yanaelea mpaka baharini na mengine yanarudishwa na mawimbi juu ya mchanga. Pale Jökulsárlón pekee watu hukaa nusu siku bila kupanga. Na siku moja au mbili zitachukuliwa na upepo, hilo lihesabuni kabisa tangu mwanzo.

Ushauri wangu: siku kumi kwa mzunguko, bila Askja. Kama likizo ni siku saba tu, msizunguke. Nendeni kusini mpaka mji wa Höfn, rudini, malizieni rasi ya Snæfellsnes, upande wa magharibi. Mtaona zaidi kuliko wanaokimbizana na ramani.

Kuhusu upepo, naomba mnisikilize vizuri. Kila asubuhi fungueni vedur.is kwa hali ya hewa na umferdin.is kwa hali ya barabara. Utabiri wa upepo unaandikwa kwa mita kwa sekunde. Ukifika 15, gari la juu, kama yale ya kulalia ndani, linaanza kuyumba. Ukipita 20, kaeni mlipo, nyweni chai. Eneo la Skeiðarársandur, kule chini ya Vatnajökull, ni uwanda wa mchanga mtupu, na upepo ukiwa mkali mchanga unakwangua rangi ya gari mpaka bati. Hapo hapo pembeni ya barabara mtaona vyuma vikubwa vya daraja vilivyopindwapindwa. Ni mabaki ya mafuriko ya mwaka 1996, volkano ilipolipuka chini ya barafu na maji yakashuka na vipande vya barafu vikubwa kama nyumba. Mwambie mdogo wako asimame pale, ataelewa mito ya huku ni ya namna gani.

Gia_Nzito

Mzenji amesema vizuri, mimi naongezea ya gari, maana hapo ndipo pesa zinapopotea.

Barabara zote zenye herufi F mbele ya namba ni za milimani, na ni za 4x4 tu. Gari dogo haliruhusiwi. Zinafunguliwa kiangazi kulingana na theluji, nyingi mwishoni mwa Juni, na Septemba zinaanza kufungwa moja moja. Kwa hiyo swali la gari halijibiwi kwa bei, linajibiwa na njia mliyochagua. Mkibaki Barabara Namba 1, gari dogo linatosha kabisa kwa msimu huo, yote ni lami. Mkitaka hata F moja, 4x4, na iwe ya juu kweli, siyo ile iliyoandikwa 4x4 mlangoni halafu tumbo linagusa majani.

Sasa mdogo wako. Namheshimu sana dereva wa Serengeti, na matope ya mvua za masika ni shule kubwa. Lakini mto wa barafu ni kitu kingine, kwa sababu kuu mbili. Kwanza, maji yake yana rangi ya maziwa yenye majivu, huoni chini kuna jiwe au shimo. Pili, unapanda na jua. Asubuhi maji yako magotini, alasiri barafu imeyeyuka huko juu na mto uleule unafika kiunoni. Ndiyo maana wenyeji huvuka asubuhi. Wanasubiri gari jingine liwepo, wanatazama wengine wanapita wapi, wanaingia kwa gia nzito, polepole, kwa mshazari kuelekea mkondo unakokwenda, na hawabadilishi gia katikati. Mto ambao usingethubutu kuuvuka kwa miguu, usiuvuke kwa gari.

Na hili someni mara mbili: bima za magari ya kukodi kwa kawaida hazilipi uharibifu wa maji mtoni wala wa chini ya gari, hata mkinunua ile kubwa kuliko zote. Injini ikimeza maji, gari zima ni lenu. Njia ya F88 ya kwenda Askja ina mito miwili ya kuvuka, Lindaá na Grafarlandaá. Watu watatu, gari moja, Septemba, mimi siwashauri.

Bima ya changarawe nunueni, mawe yanaruka na kioo kinapasuka. Ya mchanga na majivu pia, kama mnapita kusini. Na mlango: egesheni gari pua ikitazama upepo, fungueni mlango mmoja mmoja, mkono usiachie. Mlango uliogeuzwa na upepo mpaka bawaba zikapinda hausimamiwi na bima za kawaida. Jamaa yangu alilipa mlango na fenda ya mbele kwa sekunde mbili za kuachia mkono.

Mama_Wawili

Dada BintiMeru, mimi nitakujibu la hema, maana wanaume hawa wameliruka.

Hema Septemba linawezekana, nimelala. Lakini joto ni kati ya nyuzi 5 na 10, usiku chini ya hapo, na mvua inakuja kwa ubavu. Mwavuli uache Hamburg. Hema liwe fupi, la nguzo imara, na vigingi virefu vya chuma. Vile vifupi vinavyokuja na hema la bei rahisi vinang'oka usiku wa kwanza. Begi la kulalia liwe la nyuzi sifuri. Jinzi na fulana za pamba zikilowa hazikauki, vaeni sufu ndani na koti la mvua nje, na suruali ya mvua msiidharau.

Hairuhusiwi kujilalia popote na gari, lazima mwingie maeneo ya kambi. Yako mengi na kwa kawaida huhitaji kuweka nafasi, unafika tu unalipa, jambo ambalo ndilo linalowapa uhuru wa kugeuza njia hali ya hewa ikibadilika. Angalieni mapema yapi yanafungwa katikati ya Septemba. Na hakikisheni kila baada ya usiku mbili au tatu mnalala ndani, hata chumba cha bei nafuu chenye jiko, mkaushe vitu.

Chakula: mtungi wa gesi huwezi kupanda nao ndege, nunueni mkifika, lakini kwanza chungulieni rafu za kambini, wasafiri wanaoondoka huacha mitungi yenye gesi, chumvi, mafuta, hata pasta. Bónus na Krónan ndiyo maduka ya bei ya chini. Maji ya bomba ni ya kunywa, msinunue ya chupa. Yale ya moto yananuka kiberiti, ni ya ardhini, hayana neno, ila ya chai tumieni ya baridi.

Kila mji mdogo una bwawa la maji ya moto la hadharani, na hilo litawaokoa jioni za mvua. Sharti moja: kabla ya kuingia unaoga kwa sabuni bila nguo yoyote, kwenye bafu la wanawake au la wanaume, mbele ya wengine. Mwandae mdogo wako, asije kushtuka. Baadhi ya mabwawa yana kijichumba cha kuogea peke yako, ukiuliza unaonyeshwa.

Kipupwe

Mimi natofautiana na wakuu kidogo kuhusu nyika ya ndani. Mtu ametoka Arusha kwa ajili ya milima, halafu arudi ameona lami tu? Kuna njia ya kati.

Kjölur, barabara namba 35, inakata kisiwa kutoka karibu na maporomoko ya Gullfoss mpaka kaskazini. Ni changarawe na mashimo, mtikisiko wa kutosha, lakini mito yote ina madaraja. Unapita katikati ya barafu mbili, Langjökull na Hofsjökull, na Hveravellir kuna bwawa la maji moto katikati ya nyika. Makampuni yanataka 4x4 hata hapo, na ni sawa.

Landmannalaugar nayo, mkiingia kwa kaskazini kwa F208, mto upo mwishoni tu, mbele ya kambi. Unaegesha kabla ya maji na kuvuka kwa daraja la miguu. Kiangazi maegesho yanahitaji kuwekwa nafasi mtandaoni, hakikisheni kwa tarehe zenu. Au pandeni basi la milimani kutoka Reykjavík, matairi yake ni makubwa na dereva anaujua mto.

Jambo moja ambalo mwongoza watalii atalielewa haraka: msitoke nje ya njia, hata mita kumi kwa ajili ya picha. Ni kosa la jinai na faini ni kubwa. Kwenye majani ya kule, hasa ile kuvumwani nene ya kijani, laini kama zulia, juu ya mawe ya volkano, alama ya tairi hubaki miaka mingi sana.

BintiMeru

Asanteni mno, nimesoma kwa sauti na mume wangu akiwa pembeni. Nimempigia mdogo wangu, nikamsomea ya mto. Alinyamaza, kisha akauliza: "Maji yanapanda saa ngapi?" Nadhani ameelewa.

Tumepata siku kumi. Bado maswali mawili: visa yake, na je, naye ataruhusiwa kuendesha?

Gia_Nzito

Iceland imo ndani ya Schengen. Ninyi wenye kibali cha kuishi Ujerumani mnaingia na pasipoti na kibali, bila visa nyingine. Yeye anahitaji visa ya Schengen, na ombi linakwenda kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi. Akikaa kwenu wiki tatu na Iceland siku kumi, ni Ujerumani. Iceland iandikwe wazi kwenye ratiba, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000.

Leseni yetu imeandikwa kwa herufi za Kirumi, lakini mwambie achukue na ya kimataifa, wengine dirishani huiuliza. Jina lake liandikwe kwenye mkataba kama dereva wa pili. Asipoandikwa na likatokea lolote, bima haimtambui. Nje ya mji lami ni 90, changarawe 80, mjini 50. Kamera zipo. Madaraja mengi ni ya gari moja, aliye karibu ndiye anapita kwanza. Na sheli nyingi hazina mhudumu, mnahitaji kadi yenye namba ya siri. Mjaze Egilsstaðir kabla ya kuikabili nyika ya Mývatn.

Mzenji_wa_Kaskazini

Basi kwa siku kumi na 4x4 ningepanga hivi. Siku mbili za kwanza kusini mpaka Vík. Pale Reynisfjara kuna taa za tahadhari. Ikiwaka nyekundu msishuke ufukweni, na hata isipowaka msiyape mawimbi mgongo, watu kadhaa wamefariki pale. Ya tatu na ya nne Skaftafell na Jökulsárlón, kulala Höfn. Ya tano ghuba za mashariki, taratibu. Ya sita na ya saba maporomoko ya Dettifoss, ziwa Mývatn, mji wa Akureyri. Handaki la kabla ya Akureyri linalipiwa mtandaoni, hakuna kibanda, msisahau. Ya nane rudini kwa Kjölur kama iko wazi. Haiko wazi, Namba 1 mpaka Reykjavík ni kama kilomita 390. Mbili zilizobaki ni za upepo. Zisipotumika, Snæfellsnes.

Na kwa sababu mnakuja mwanzoni mwa Septemba, tafuteni siku ya réttir, yaani ya kukusanya kondoo, upande wa kaskazini. Kondoo waliokaa milimani kiangazi chote wanashushwa kwa farasi, wanaingizwa kwenye zizi la duara lililogawanywa vyumba kama vipande vya chungwa, kila shamba chumba chake. Watu wanashika kondoo kwa pembe, wanapapasa masikio kutafuta alama ya mwenye mali. Wageni wanakaribishwa kutazama, na mwenye nguvu hukaribishwa kusaidia. Tarehe hutangazwa kila mwaka kwa kila wilaya.

BintiMeru

Alama za masikio! Mdogo wangu amekulia Monduli, hiyo siku hataikosa. Tumeamua: 4x4 ya juu, Kjölur ndiyo, Askja hapana, Landmannalaugar kwa basi. Mzenji, ukiona tarehe za mwakani zimetoka naomba uziweke hapa, ndipo nikate tiketi.

Mzenji_wa_Kaskazini

Nitaziweka. Usikate tiketi isiyobadilishika kabla ya hapo.