Gari inatetemeka ikifika 90, chini ya hapo imetulia kabisa. Nianzie wapi?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Nina gari ndogo ya petroli, otomatiki, inavuta kwa tairi za mbele. Kwenye spidi ndogo iko poa kabisa, ila nikiingia barabara kuu ikishagusa 90 steringi inaanza kutetemeka mikononi, kwenye 100 inakuwa kero kwelikweli, halafu cha ajabu nikipitiliza 115 hivi inapungua yenyewe. Nimefanyiwa wili alaimenti, gari sasa inanyooka vizuri lakini mtetemo uko palepale. Fundi mmoja anasema shokapu, mwingine draivu shafti (chuma kinachopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi tairi), kila mtu na lake. Sitaki kununua vipuri kwa kubahatisha. Taa ya injini haijawaka.

Spana_Kumi
Alaimenti ni pembe za tairi tu mkuu, inasaidia gari isivute upande na tairi zisiliwe vibaya. Mtetemo ni mambo ya balansi, yaani uzito wa tairi na rimu uwe sawa pande zote. Na ukiona unakuja kwenye spidi fulani afu unapotea ukiipita, asilimia kubwa ni tairi au rimu. Tairi ya gari ndogo kwenye 100 inazunguka kama mara 14 kwa sekunde, sasa kale kachuma ka balansi kanakobandikwa kwenye rimu kakidondoka, hata gramu 20 tu, lazima usikie.

PundaWaLami
Punguza upepo tu, zimejazwa sana hizo.

Spana_Kumi
@PundaWaLami hapana bwana, upepo ukizidi gari inakuwa ngumu inarukaruka kwenye mashimo, haichagui 90 mpaka 115. Na ukipunguza chini ya ile namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, tairi inapata moto ukikimbia. Usimpoteze mwenzio.

FundiMstaafu
Kijana, kabla hujalipa mtu yeyote nijibu haya. Mtetemo uko kwenye steringi peke yake au mpaka kwenye kiti? Steringi ni mbele, kiti na sakafu mara nyingi ni nyuma. Pili, ukiwa 100 ukakanyaga mafuta unazidi, na ukiachia unapungua? Kama ndivyo hapo shuku draivu shafti, ile jointi ya ndani upande wa gia boksi (ya nje ikifa husikika ta-ta-ta ukikata kona). Tatu, ukishika breki ndo unaanza au unazidi? Hizo ni diski za mbele. Na kama kuna mvumo unaobadilika sauti ukielemea kushoto au kulia, angalia beringi.

Mwenye uzi
Shikamoo mzee. Ni steringi tu, kwenye kiti sisikii kitu. Nikanyage mafuta au niachie ni uleule. Breki haina shida, mvumo hakuna.

FundiMstaafu
Marahaba. Basi shafti na diski ziweke pembeni kwanza. Shokapu iliyochoka haianzishi mtetemo, inashindwa kuuzuia tu, kwa hiyo ukibadili leo shida itabaki. Fanya hivi, haina gharama: hamisha tairi za mbele zije nyuma na za nyuma ziende mbele, afu kimbiza barabara ileile. Mtetemo ukihamia kwenye kiti umeshampata mwizi. Ukibaki kwenye steringi vilevile, piga jeki, shika tairi juu na chini utikise, kisha kushoto na kulia. Ikicheza angalia boli jointi na tairodi (viungo vinavyoshika na kugeuza tairi), pamoja na beringi.

Mama_Gia
Naongezea: ukizifungua kagua na upande wa NDANI wa tairi, watu wanaangalia nje tu. Pitisha kiganja taratibu, tafuta uvimbe au sehemu iliyoinuka, nyuzi za ndani zikiachana balansi haisaidii kitu. Safisha matope yaliyoganda kwenye rimu, nayo yanaleta huo huo ujinga. Na nati kaza kwa mtindo wa nyota, usizungushe kwa mfuatano, ukishatembea kidogo rudia kuzikaza.

Mwenye uzi
Mrejesho wakuu. Nimehamisha, steringi imetulia mpaka 120 ila sasa kiti cha nyuma ndo kinatetemeka, abiria wamelalamika wenyewe bila kuulizwa 😂 Nimeshusha tena hizo mbili, moja ina uvimbe upande wa ndani, karibu saizi ya nusu limau, kwa nje huoni kitu. Je naweza kuendelea nayo kwa muda huku nyuma?

Mama_Gia
Hapana, hiyo hata nyuma haifai. Ikipasuka kwenye spidi gari inakutupa. Weka spea, nenda taratibu mpaka ununue.

Spana_Kumi
Nunua mbili za ekseli moja kama mwenzake naye amechoka. Na rimu ya hiyo yenye uvimbe waizungushe kwenye mashine tupu bila tairi, maana uvimbe wa namna hiyo kawaida unatokana na shimo, na shimo linapinda rimu pia.

PundaWaLami
Mimi nilijua tu ni tairi.