Trela dogo la kupigia kambi: plaiwudi, alumini au bati?

MsafiriMld
Salamu wadau. Naunda trela la kulala watu wawili, sakafu futi 4 kwa 8, jiko nyuma. Litavutwa na Probox, kwa hivyo uzito unanitisha. Safari ni Marafa, na Tsavo Mashariki kwa njia ya Langobaya hadi geti la Sala. Likirudi litakaa nje, na kwangu Malindi bahari iko karibu. Fundi mmoja anasema bati la chuma, mwingine alumini. Mimi roho yapenda plaiwudi.

Fundi_Chasi
Chasi haina mjadala, ni chuma. Kwa sanduku, pima karatasi ya futi 8 kwa 4: chuma cha milimita 1.5 ni kama kilo 35, plaiwudi ya milimita 12 kama 21, alumini ya milimita 2 kama 16. Utakula karatasi tano au zaidi, jumlisha mwenyewe. Bati pwani ni kununua kazi ya msasa na rangi kila kusi ikipita, na mchana ndani hakukaliki.

BintiMambrui
Mimi ni wa alumini. Nyepesi, haina mchwa, haiozi.

Fundi_Chasi
Kweli dada, ila ikigusana na chuma penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka kila riveti. Lazima uweke mpira katikati, na mafundi wengi hawajisumbui. Halafu barabara ya vumbi yenye mawimbi hulegeza riveti.

Mwana_wa_Matondoni
Ami, plaiwudi, lakini ya marini, ile ya kuundia mashua. Ile ya kawaida gundi yake haiwezi maji. Usiamini muhuri: omba kipande, kichemshe saa nzima. Tabaka zikifumuka, mwachie mwenye duka mali yake.
Tena, ubao hauozei usoni, huozea kwenye kingo na matundu ya skrubu. Kwa hivyo toboa tundu pana kuliko skrubu, lijaze epoksi, ile gundi ya kuchanganya isiyopitisha maji, ikikauka toboa upya katikati yake. Skrubu haitagusa mbao kabisa. Kingo zinyweshe epoksi mpaka zikatae. Kazi inachosha, lakini ukiiruka usinunue plaiwudi, nunua hema.

MsafiriMld
Shukran. Vipi fremu ya mbambakofi, na juu nipake faibaglasi?

Mwana_wa_Matondoni
Mbambakofi ni wa jahazi, bwana, Probox yako itapiga magoti! Tumia saipresi iliyokauka. Faibaglasi weka paani na kwenye pembe tu, na ndani usiache mbao uchi, maji yakipenya hayana pa kutokea.

Fundi_Chasi
Chasi ukitumia bomba la mraba lililopakwa zinki, kwangua zinki panapochomelewa kwanza, moshi wake ni sumu, kisha rudishia rangi ya zinki. Toboa tundu dogo upande wa chini wa kila bomba, jasho la ndani litoke. Na trela lina usajili wake NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, namba inayoanza na Z, usije ukalala Sala kwa sababu ya karatasi.

MsafiriMld
Basi: chasi ya bomba, plaiwudi ya marini milimita 12 sakafuni na 9 kwingine. Alumini nitaweka kwenye kaunta ya jiko tu.

BintiMambrui
Haya, angalau jikoni nimeshinda 😄 Magurudumu je? Chukua ringi zinazoingiliana na za Probox, spea moja itafaa kote.